Posa Iliyofutwa Jumanne

Wasomaji waheshimiwa, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa kuwasimulia penzi lililoutikisa mji mzima. Ukweli ni kwamba lilitikisa meza moja ya kukatia vitambaa, nayo ilikuwa na mguu mbovu tangu zamani. Lakini penzi lilikuwepo.

Lilianzia kwenye foleni ya duka la mpiga chapa, mahali ambapo watu husimama na karatasi mkononi wakiwa wamenuna. Mshonaji wa magauni ya harusi alivaa sketi ya kijani aliyoishona mwenyewe, pini tatu zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, kompyuta kwapani, shati halina kifungo cha pili.

"Kaka, kifungo chako kimekwenda wapi?"

"Kilichoka kungoja mtu wa kukishona."

"Basi kipumzike. Mimi nashona maharusi."

"Na maharusi wanakupataje? Kwa karatasi hizi za kubandika ukutani?"

Kijana alikuwa fundi wa tovuti; wiki haikuisha, akawa amemsajilia jina la tovuti. Alimweleza mambo yake akiwa amekalia meza ile ile ya mguu mbovu.

"Jina ni kama kibao cha duka. Chini yake kuna rekodi. Moja inawaonyesha wateja tovuti ilipo, nyingine inazionyesha barua pepe sanduku lako lilipo. Ukiifuta hiyo, barua zinarudi zilikotoka."

"Na wewe unazipanga kwa mkono?"

"Kwa JavaScript, lugha ya kompyuta. Kuna maktaba ya amri, wenzetu walishaiandika. Mimi naandika mstari mmoja tu, rekodi inaongezeka."

"Mstari mmoja, na kichwa juu namna hiyo. Gauni moja lina mishono elfu."

"Ndiyo maana nakupenda. Mimi mvivu."

Baada ya hapo zikaja simu. Kila jioni mshonaji alijifungia chumbani na kulainisha sauti kama anayembembeleza mteja mgumu.

"Nikwambie siri, fundi? Nimejishonea gauni la harusi."

"Nani amekuposa?"

"Hakuna. Bado. Ila halipiti mapajani, na ole wako ucheke."

"Sicheki. Mapaja hayana kosa. Lipanue gauni."

"Ole wako umwambie mtu."

Jumanne iliyofuata fundi alikuja dukani, akafungua kompyuta na kuongeza rekodi ya maandishi chini ya jina la mshonaji. Rekodi ya namna hiyo hubeba maneno yoyote, na hakuna anayeyaona mpaka ayaulizie. Yeye aliandika posa. Alipanga Jumamosi amkalishe mshonaji mbele ya kompyuta, aulizie rekodi zake mwenyewe, asome. Kisha akatoka kununua soda, kompyuta ikabaki wazi. Dukani alibaki mdogo wake mshonaji, msichana wa shule ya bweni aliyekuwa likizoni, mpole, mwenye adabu, ambaye hatumhitaji tena katika hadithi hii.

Alhamisi meneja wa hoteli mpya alimpigia mshonaji. Walitaka awashonee sare wahudumu wote. Walimwandikia mara tatu, barua zikarudi, kazi wakampa mwingine. Mshonaji akampigia fundi.

"Barua zangu ziko wapi?"

Fundi alibofya, akabofya tena. "Rekodi hazipo. Nazirudisha sasa hivi. Lakini mpenzi, mimi niliongeza tu. Sikufuta."

"Uliongeza nini?"

"Nitakuonyesha Jumamosi."

"Nimepoteza hoteli nzima, wewe unanipangia siku?"

Kwa haraka ile, fundi alirudisha rekodi ya tovuti na ya barua. Ya maandishi hakuitazama.

Jumamosi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, vifungo vyote mahali pake.

"Kabla hujanifukuza, soma kitu kimoja."

Akaandika mstari wake, akamgeuzia kompyuta. Mshonaji akasoma kwa sauti, polepole.

"Mshonaji hodari wa magauni ya harusi, ila lake mwenyewe halipiti mapajani."

Fundi aliivuta kompyuta kwake. Akafungua historia ya mabadiliko, akaitazama kwa muda, akaifunga.

"Ni wewe peke yako niliyekwambia," mshonaji akasema.

"Huna swali la kuniuliza?"

"Nikuulize nini? Toka."

Akatoka. Mshonaji akachukua mkasi, akalikata lile gauni vipande vipande. Vipande hivyo tunafutia mafuta ya cherehani mpaka leo.

Hapa nilikuwa nimeandaa hitimisho zito kuhusu hatari za kuacha kompyuta wazi. Nimeshindwa kuliandika, maana dada amesimama nyuma yangu anasoma, na amefika kwenye simu ya gauni.

"Haya umeyajuaje?"

"Mwandishi hujua yote, dada."

"Nilikuwa chumbani. Mlango nimeufunga."

"Ukuta ni wa mbao."

Basi nakiri. Ni mimi. Niliuiga mstari wa fundi nikaweka maneno yangu, tucheke siku moja, yaishe. Lakini katika ile maktaba kulikuwa na amri mbili. Moja huongeza rekodi, nyingine hufuta orodha nzima na kuweka mpya. Nilichagua iliyokuwa fupi. Nilidhani maneno yangu yatakaa chini ya yake.

Dada akapiga simu, sauti nje, ili nisikie.

"Hukuwa wewe."

"Najua," fundi akasema. "Nilijua siku ile ile. Maneno yaliingia nilipokwenda kununua soda."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilingoja uniulize. Swali moja tu."

"Nakuuliza sasa."

"Mshonaji, sasa nina mtu wangu. Tunaoana mwezi ujao." Akakata.

Nilitega shavu, nikijua kofi linakuja. Halikuja. Dada aliketi kwenye cherehani, akalizungusha gurudumu lake bila kitambaa.

"Uliyasoma? Kabla hujayafuta?"

"Niliyasoma."

"Alisemaje?"

Katika dunia hii ni fundi na mimi tu tunaoyajua maneno yale. Nikamwambia: "Mshonaji wangu, nyumba yangu ina viti viwili na mtu mmoja. Naomba nikuoe."

Akaniambia nirudie. Nikarudia.