Sarafu Isiyotaka Kusomwa

Maji ya bakulini yalikuwa vuguvugu, ilhali Mwalimu aliyachota ya baridi. Hakujali. Alikuwa mstaafu mwenye sarafu mia mbili za Warumi wa kale, za shaba nyeusi, zote keshazitambua na kuziandikia jina la kaizari wake, isipokuwa hii moja aliyoiloweka. Wiki ya tatu sasa alikuwa akiisugua kwa mswaki na kuichokonoa kutu kwa sindano, na kila herufi aliyoifichua leo, kesho aliikuta imezibwa na kutu mbichi. Aliulaumu mswaki, akailaumu lenzi, mwishowe akayalaumu macho yake.

Mkewe, fundi cherehani, alianza kulalamika kwamba mgongo unamwasha. Halafu ikaja harufu ya chuma kilichoungua, ikitoka kwenye mto wa kulalia wa mkewe. Mwalimu alimwambia apake mafuta, akarudi kwenye bakuli lake.

Alasiri moja, alipokuwa amepata herufi ya tatu na anaikandamiza sindano huku amebana pumzi, alisikia cherehani ikinyamaza chumba cha pili, kisha sauti nzito ya kiume ikinong'ona kwa lugha asiyoijua, polepole, kama mtu anayeumia na hataki kusikika, na kila alipochokonoa sauti ilipanda, na kila alipoinua mkono ilitulia, hadi nywele zikamsimama, akaenda, akamkuta mkewe peke yake, ameinamia meza, gauni limelowa damu mgongoni.

Mganga waliyemwita, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, aliinusa tu ile sarafu. Akasema ina mwenyewe, tena hataki kujulikana. Irudi udongoni bila kusomwa. Mwalimu aliomba nusu saa. Zilibaki herufi mbili tu.

"Mume wangu," mkewe alinong'ona, "mgongo huu ni wangu."

Mwalimu akaitoa, akiikodolea macho hadi ilipofumbatwa na mganga. Mganga akaenda kuifukia mbali, akarudi akafukiza kila chumba, na ile harufu ikaondoka.

Vidonda vilipona. Ila makovu yalijipanga mstari mmoja, marefu kwa mafupi, kama maandishi. Mkewe alipoyaona kwenye kioo alivaa upesi. Tangu siku hiyo huoga amefunga komeo, na Mwalimu husimama nje ya mlango, akimbembeleza amwonyeshe, mara moja tu.