Moja Simama, Mbili Twende

Kosa langu naliweka mbele kabisa, nisije nikalificha katikati ya maneno. Nilikata kitu cha mtu. Niliambiwa nisikate, nikaitikia kwa mdomo huu huu ninaosali nao, "Sawa mama, sitakata." Miezi minane baadaye nikatia mkasi. Mungu alikuwa anaona. Mimi ndiye niliyejifanya sioni.

Kazi yangu ni kushona maturubai: vifuniko vya malori, mapazia ya vibanda, viti vya pikipiki vilivyochanika. Siku moja alikuja mama mmoja mwembamba, amejitwika turubai la kijani lililopauka, limekunjwa na kufungwa kamba mara tatu. Hakutaka lishonwe. Alitaka nimwekee tu.

"Juu," alisema. "Liweke juu, fundi. Usilifungue, usilikate. Nitalirudia."

Nikapanda ngazi, nikalilaza juu ya boriti. Alisimama akilitazama mpaka likatulia, kisha akaondoka bila kuaga.

Lakini hadithi yenyewe ni ya dereva mmoja tuliyemwita Breki.

Breki alipata jina hilo kwa sababu alisimamisha gari kwa kila mtu. Alikuwa na pikapu ya kubebea vitanda na makabati kutoka kwa maseremala, na ikirudi tupu alipakia watu. Nyuma kule, mtu akitaka kushuka hugonga bodi. Moja, simama. Mbili, twende. Ila kwa Breki hata kiwiko kikigusa bodi kwa bahati mbaya, tayari mguu uko chini, abiria wanaangukiana.

"Breki, huyo alikuwa anajikuna tu!"

"Basi amejikuna, tuendelee," naye hujibu, anacheka. "Mimi bora nisimame bure kuliko kumpitisha mtu kwake."

Mke wake alikuwa na mimba ya kwanza baada ya miaka tisa ya kungoja. Miaka tisa, ndugu yangu. Hospitali ilikuwa mbali, masika yalikuwa yanakaribia, na mkewe mgongo ulimsumbua hata kukaa kitini hawezi. Siku ikifika ilibidi alazwe nyuma, juu ya godoro. Ndiyo maana Breki akaja kwangu.

"Fundi, nataka turubai la kufunga na kufungua. Nikibeba kabati refu, nalikunja lote mbele. Mvua ikija navuta, tayari ni nyumba."

"Kama kinanda cha kuvuta."

"Hapo hapo. Kama kinanda. Mke wangu asilowe hata ukucha."

Nikampimia. Matao matano ya bomba, yanateleza kwenye reli mbili ubavuni mwa bodi. Kazi nzuri, sijisifu. Lakini jioni ya kuja kuchukua, wingu limeshuka mpaka kwenye mabati, nikagundua nimepungukiwa. Pazia la nyuma, lile la kuziba mlango wa bodi, halina kitambaa. Mita mbili. Duka limefungwa. Breki amesimama mlangoni anachezea funguo.

"Fundi, mvua hiyo."

Nikainua macho kwenye boriti.

Nilipanda ngazi. Nililifungua upande mmoja tu, nikakata. Mkasi ulikwama mara moja katikati, kama umekutana na kitu kinene, kisha ukaachiwa. Na harufu ikatoka... harufu ya dawa ya hospitali, na ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi.

"Mbona rangi tofauti?" Breki akauliza.

"Kilikaa juani dukani. Hiki kipya nacho kitapauka, vitafanana."

Uongo huo ulinitoka laini kama mafuta.

Siku ya pili tu, Breki alikuwa anarudi peke yake, jua linazama, turubai amelivuta lote kwa sababu ya manyunyu. Nyuma hamna kitu. Hata kamba hamna.

Ko.

Akasimama. Si mwenyewe, ni mguu. Akashuka, akazunguka, akainua pazia. Patupu. Bodi kavu. Ila ile harufu ya dawa... Akadhani ni mzigo wa jana. Akarudi kwenye usukani, akaondoka.

Ko.

Akasimama tena. Sasa alikaa kidogo kabla ya kushuka. Aliinua pazia kwa ncha ya kidole. Patupu. Akaweka kiganja kwenye sakafu ya bodi, pale mwisho kabisa karibu na pazia.

Pana joto.

Pana joto kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Ikawa hivyo wiki nzima, alfajiri na mchana pia. Abiria wakiwepo, wanaambiana, "Nani kagonga?" na hakuna aliyegonga. Vijana wa kijiweni wakapata la kusema: "Breki siku hizi anashusha upepo!" Akacheka nao. Lakini nyumbani alikuwa hakai. Anasimama dirishani, anaitazama pikapu, anarudi kitandani, anaamka tena. Mkewe akamwuliza, "Kwani unasubiri mgeni?" Akasema hapana. Kisha akatoka kwenda kuchungulia nyuma ya pazia.

Akaja kwangu.

"Fundi, kuna chuma kinagonga. Mara moja moja. Kama mtu."

Nilijua siku ile ile. Moyo wangu ulijua. Ningesema, "Kaka, niletee nilifumue, nimekosa." Badala yake nikachukua spana, nikakaza nati mbili zisizolegea, nikaweka vipande vya mpira chini ya tao la mwisho.

"Vyuma vipya hivyo, vinajipanga," nikamwambia. "Ukisikia usisimame. Ukisimama ndiyo vinazidi kulegea. Wewe nenda zako, vitazoea."

Hilo ni kosa la pili, na ndilo zito. La kwanza nilikata kitambaa. La pili nilimfundisha mtu aliyekuwa akisimama, asisimame.

Naye akajifunza. Kwa shida, lakini akajifunza. Ko... anakaza meno, anaenda. Ko... anaongeza sauti ya redio. Baada ya wiki mbili mguu wake ulikuwa umetulia. Aliniambia, "Fundi, kweli, nimezoea." Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Uchungu ulimshika mkewe kabla ya siku zake, saa kumi na moja jioni, mvua inamwagika kama imepasuliwa. Breki na mama yake mzazi wakamlaza mgonjwa juu ya godoro, mama mtu akaketi kichwani pake na tochi ndogo. Breki akavuta turubai mpaka mwisho, akafunga pazia.

"Mama, mkinihitaji mnagonga. Moja nasimama. Mbili naenda."

"Najua kugonga, nilipanda magari kabla hujazaliwa. Endesha!"

Angewaambia wagonge tatu. Angewaachia simu; simu ya mama ilikuwa kwenye pochi, na pochi ilikuwa mbele, kwenye kiti. Haraka ilimfunika macho. Na kioo cha nyuma kilikuwa kimezibwa na turubai langu, hakionyeshi kitu.

Barabara ilikuwa matope. Vipangusa vya kioo vinalia, shwi, shwa, shwi, shwa. Giza la mvua limeingia kabla ya giza lenyewe. Alikuwa amefika nusu ya njia.

Ko.

Mguu ukataka kushuka. Akauzuia. *Chuma.*

Akaendesha. Akahesabu nguzo za umeme. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne...

Ko.

*Chuma, fundi alisema.* Mikono imelowa jasho, usukani unateleza. Akasikiliza kama kuna sauti ya mtu. Mvua tu, inapiga turubai kama mchanga. Halafu harufu ikaja. Ndani ya kebini, vioo vimefungwa, ile harufu ya dawa ikaja ikakaa kando yake.

Ko.

Hapo akashindwa. Akakanyaga. Gari likaanza kuserereka, likapunguza, likapunguza...

Ko-ko.

Mbili.

Twende.

Breki alishusha pumzi mpaka kioo kikapata ukungu. Mbili ni watu, si chuma. Chuma hakijui mbili. Wako salama, wanasema twende. Akaondoa mguu kwenye breki, akakanyaga mafuta, na hakusimama tena mpaka chini ya taa ya lango la hospitali.

Aliruka nje, akafungua pazia, akalisukuma turubai lote mbele. Matao yakagongana, kla, kla, kla.

Mkewe alikuwa amelala, uso kama karatasi, macho amefumba, anapumua. Godoro limelowa, si kwa mvua. Mama yake Breki amepiga magoti, ameshika mtoto kwa mikono miwili, amemfunika kwa kanga yake. Mtoto amefumbua macho. Halii.

Wauguzi wakaja mbio na machela, wakamchukua mke na kichanga. Mama yake Breki akabaki amepiga magoti pale pale ndani ya bodi, mikono bado imekaa mkao wa kushika.

"Kwa nini hukusimama?" aliuliza. Polepole. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. "Niligonga moja, nikangoja. Nikagonga moja, nikangoja. Mtoto alitoka na kitovu shingoni, tochi imezima, nataka mwanga, nataka simu. Kwa nini hukusimama, mwanangu?"

"Mama... mligonga mbili."

"Mimi?" Akainua viganja vyake kwenye taa. "Kwa mkono upi?"

Breki akaitazama ile mikono miwili.

"Na yule abiria wako," mama akanong'ona. "Ameshukia wapi?"

"Abiria gani, mama?"

"Yule mwanamume. Aliyekaa hapo mwisho, kwenye pazia, amejifunika kichwa. Nilidhani umempakia tulipokuwa tunaondoka, nami nimeinamia mgonjwa. Mtoto alikuwa hapumui. Yule mtu akanyoosha mkono gizani, akampiga mgongoni mara moja. Ko. Mtoto akavuta pumzi. Ndipo akageuka, akagonga bodi mbili."

Breki akaweka kiganja sakafuni, pale mwisho.

Pamepoa. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, pamepoa.

Mkewe alipona. Nasema haraka, usikae na roho juu. Aliongezwa damu, akarudi nyumbani na mtoto wake wa kiume, na Breki akalifumua pazia langu kwa wembe, akalichoma moto nyuma ya nyumba, akaja kunieleza yote haya ameketi kwenye kigoda changu. Nami nikamweleza langu. Hakunipiga. Alisema tu, "Fundi, wewe uliniambia nisisimame." Basi. Mpaka leo ndiyo maneno ninayoamka nayo.

Wiki ile ile mama mwenye turubai akarudi. Alikuwa ameiona pikapu ikipita kabla pazia halijachomwa, ameitambua rangi. Hakukaa. Alisimama chini ya boriti.

"Umekata."

"Nimekata, mama. Nisamehe."

Ndipo akasema. Alimchukua mume wake hospitali, madaktari wamemwambia amekwisha, akamfunga mwenyewe kwa turubai lile wakamlaza nyuma ya lori. Yeye ameketi kando. Katikati ya njia, kutoka ndani ya turubai, kitu kikagonga bodi. Mara moja. Dereva akapunguza mwendo.

"Nikaogopa, fundi," alisema. "Niliogopa nitakachokiona. Nikagonga mbili."

Walipofika na kumfungua, alikuwa amelala ubavu. Walimfunga chali.

Nikamsogezea ngazi achukue kilicho chake. Akatikisa kichwa.

"Si cha kuchukua tena. Nusu ya mume wangu imeshashuka. Nusu bado iko hapo juu."

Akaenda, na sijamwona tena.

Mtoto wa Breki sasa anatembea. Mzuri, mnene, anakula vizuri. Ila hajawahi kulia. Hata siku moja. Akitaka maziwa, akitaka kubebwa, akiota vibaya, anagonga. Mara moja. Kisha anakutazama, anangoja uone kama utasimama.

Juzi baba yake alikuja naye kwangu, nimrekebishie mkanda wa turubai. Mtoto akazunguka karakana, akagusa hiki, akagusa kile. Akafika chini ya boriti. Akainua macho. Akagonga mguu wa meza yangu.

Ko.

Na juu, ndani ya turubai nililolifunga tena kamba mara tatu...

Ko.

Breki alimnyakua mwanawe, wakaondoka. Mimi nilibaki na sindano mkononi. Nimesali, nimefunga, nimelala na taa. Najua la kufanya: nilishushe, nilifungue lote, nimwombee mtu yule kwa sauti, nilizike turubai kama mtu. Mara tatu nimepanda ngazi. Mara tatu nimeshuka nilipofika kipandio cha nne, maana ngazi yangu inacheza.

Basi wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, nina ombi moja. Njoo kesho mchana, unishikie ngazi. Sitakuomba upande, sitakuomba uguse kitu. Ushike ngazi tu isicheze.

Na ukifika mlangoni, sema hodi kwa mdomo. Tafadhali, usigonge.