Shangazi wa Kwenye Kikombe

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, dagaa elfu arobaini waliingia kinywani mwa Lusekelo na kuanza kazi.

Hawakuwa dagaa wa kuliwa. Jina lao la vitabuni lilikuwa vijiroboti vya kinywa, kila kimoja kidogo kuliko chembe ya chumvi, lakini watu wa Mbeya walipoviona mara ya kwanza vikimetameta ndani ya maji waliviita dagaa, na kufikia mwaka huu wa 2094 hata wanasayansi waliovitengeneza walikuwa wameshakubali yaishe. Mtoto alipiga funda moja kutoka kwenye kikombe, akafumba mdomo, na kwa dakika moja na nusu dagaa wakapita kila pembe. Walikwangua ukoga, wakapaka madini ya floraidi juu ya meno, wakapima ufizi kama unavuja damu. Kisha mtoto aliwatema kikombeni, nao wakatulia chini kusubiri zamu ya jioni, wakiwa wameshampelekea Shangazi taarifa zote.

Shangazi ndiye aliyekuwa sauti ya kikombe. Alikuwa na jina refu la kitaalamu ambalo hakuna aliyelikumbuka. Watu walimwita Shangazi kwa sababu alijua mambo ya kila mtu nyumbani, alishauri hata asipoombwa, na hakuna aliyethubutu kumjibu.

"Lusekelo, umesafisha vizuri," alisema asubuhi hiyo kwa sauti yake ya upole. "Baba Luse, jana ulisukutua kwa maji baada ya kupiga mswaki. Tema povu tu, dawa ibaki kwenye meno. Na ile chai ya saa nne usiku, ama uipunguzie sukari, ama uinywe kabla ya kupiga mswaki."

"Nimesikia, Shangazi," alijibu Gwakisa, baba wa mtoto, akicheka huku akifunga vifungo vya shati. "Afadhali wewe. Shangazi zangu wa Tukuyu wangelitangaza hilo kanisani."

Mlangoni alisimama Subilaga, mke wake, ameshika kitana cha kumchania mtoto. Hakucheka. Subilaga alikuwa daktari wa meno kwa miaka kumi na minane, na tangu kikombe kile kiingie nyumbani mwake, hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyemuuliza neno lolote kuhusu jino.

Akamwona binti yake akiinamia kikombe na kukinong'oneza.

"Shangazi, lile gego la nyuma linaniuma nikila miwa."

"Ahsante kwa kuniambia," alisema Shangazi. "Nitamwarifu daktari."

"Luse," alisema Subilaga, "mbona hukuniambia mimi?"

Mtoto alimtazama kwa mshangao wa kweli. Alikuwa na miaka sita, na hakuwa na nia mbaya hata chembe.

"Shangazi ndiye anayejua meno, mama. Wewe unajua ya bandia, ya mabibi."

Gwakisa alijifanya anatafuta soksi. Subilaga alimchana mtoto nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mpaka mtoto akalalamika.

Tuuite kwa jina lake: ulikuwa wivu. Mtu mzima, mwenye shahada mbili, alikuwa akikionea wivu kikombe. Ukisimuliwa utacheka, lakini yeye aliyekuwa nao haukumchekesha. Zamani benchi la kliniki yake pale Mwanjelwa lilijaa akina mama na watoto wao toka saa mbili. Walimletea maswali ya kila aina. Mtoto aanze mswaki lini? Jino la kwanza likichomoza. Dawa kiasi gani? Akiwa hajafika miaka mitatu, ukubwa wa punje ya mchele. Akifika, ukubwa wa harage dogo. Alale na chupa ya maziwa? Hapana, hapana kabisa. Aliyajibu hayo mara elfu na hakuchoka, kwa sababu kila jibu lilimrudishia mama mmoja aliyetulia. Sasa maswali yote yalikwenda kwenye vikombe. Benchini walibaki wazee wenye meno ya bandia yaliyolegea, na wao pia walizoea kuanza na, "Shangazi amesema..."

Yote hayo angeyavumilia. Lakini mtoto aliyemzaa mwenyewe kumnong'onezea mwingine!

Kabla hajatoka kwenda kazini, Shangazi alimwita.

"Daktari Subilaga, naomba uangalie gego la chini kushoto la Lusekelo. Limeota likiwa na ganda laini, na limeanza kutoboka. Napendekeza lizibwe wiki hii."

"Ni la utoto hilo," alisema Subilaga. "Hajang'oka hata jino moja. Yote aliyonayo ni ya utoto."

"Naomba ulitazame kwa taa, Daktari."

Ni neno hilo lililomchoma. Alitazame kwa taa! Kikombe kimfundishe kazi! Alimshika mtoto kidevu, akamgeuzia dirishani, akachungulia kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mtoto hakuwa akimwangalia mama yake. Alikuwa akikiangalia kikombe, kama anayetaka ruhusa ya kufumba mdomo.

Hapo msomaji aelewe jambo moja. Kuna gego ambalo huota karibu na mwaka wa sita, nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Linakuja kimyakimya. Wazazi wengi hudhani ni la utoto, huliacha lioze wakingoja ling'oke lenyewe, kumbe ndilo la ukubwani, na likienda halirudi. Njia ya kulijua ni rahisi: unaanza katikati ya mdomo, unahesabu kuelekea nyuma. La sita ndilo lenyewe. Subilaga alikuwa ameeleza hivyo kwa akina mama wa Mbeya nzima, na picha ya taya yenye namba ilining'inia ukutani mwa kliniki yake, aliichora mwenyewe. Asubuhi hiyo hakuhesabu. Angetakiwa kuhesabu mpaka sita tu.

Alibonyeza kidole gumba kwenye kitako cha kikombe, mahali ambapo ni daktari mwenye leseni tu anayeweza kutoa amri.

"Agizo la tabibu," alisema. "Gego hilo ni la utoto. Liachwe mpaka ling'oke."

"Nimepokea, Daktari," alijibu Shangazi. "Dagaa hawataligusa tena."

Subilaga alikwenda kazini akijisikia vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima neno lake kuwa la mwisho.

Ushindi huo ulimwonjesha utamu, akautaka zaidi. Alijua kitu kimoja ambacho Shangazi hakuweza kumpa mtoto, kwa kuwa kilikuwa kinyume cha mashauri yake yote. Jioni moja akaingia nyumbani na kashata mbili mfukoni. Kesho yake ubuyu. Keshokutwa miwa iliyokatwa vipande, tayari ndani ya mfuko. Lusekelo alimkimbilia getini, akamkumbatia miguu, akamwita mama yangu mzuri, na wakakaa wawili kwenye ngazi wakila huku taa za mtaa zikianza kuwaka chini ya mlima Loleza.

"Usimwambie Shangazi," alisema Subilaga.

"Atajua tu. Dagaa watamwambia."

"Ajue. Mimi ndiye mama yako."

Gwakisa aliyaona makaratasi ya kashata, akauliza kwa utani toka lini daktari wa meno akawa mchuuzi wa sukari. Subilaga akamjibu kwamba mtoto ana haki ya kufurahi na wazazi wake. Mume akayaokota na kwenda kuyatupa. Alikuwa mtu wa amani, na alimjua mkewe akiwa na macho ya namna ile.

Katika miezi saba iliyofuata Shangazi alimtumia Subilaga taarifa kumi na moja. Zilifika kwenye bangili yake ya mawasiliano, zikatetema mkononi, naye akazifuta bila kuzisoma. Alikwishajua zitasema nini: kashata, ubuyu, miwa. Hakutaka kusutwa na kikombe.

Siku moja ya Mei, saa tano asubuhi, mwalimu wa Lusekelo alipiga simu. Mtoto ana homa, na shavu la kushoto limevimba kiasi kwamba jicho linafumba.

Gwakisa alimchukua shuleni na kumleta mbio kliniki. Subilaga alimlaza kwenye kiti, akawasha taa, akamwomba afungue mdomo. Mtoto alifungua kidogo, kwa maumivu. Mkono wa daktari ulishika kioo chenye mpini, na kwa mazoea ya miaka kumi na minane ukaanza katikati. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Sita. Alisimama hapo. Akarudia tangu mwanzo, taratibu, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ikawa sita tena.

"Vipi, mama Luse?" aliuliza Gwakisa.

Gego lilikuwa limebaki ukuta mmoja, mizizi imeliwa, na chini yake usaha ulikuwa umefika kwenye mfupa. Akiwa amempa kisogo mume wake, aliita kwenye bangili.

"Shangazi. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, Daktari. Mara kumi na moja. Ya tatu ilisema sasa anasikia maumivu kwa kila anachokula. Ya saba ilisema maumivu yanamwamsha usingizini. Ya kumi na moja ilikuwa juzi."

"Hukumwambia baba yake?"

"Sheria hainiruhusu. Agizo la tabibu likishatolewa, siwezi kumpa mzazi ushauri unaolipinga. Tena wewe ni daktari, na ni mama yake. Niliamini umeona nisichokiona."

Sauti ilikuwa ileile ya upole. Haikuwa na lawama wala kiburi, na Subilaga, ambaye kwa mwaka na zaidi alikuwa amepigana na sauti hiyo, alitambua kwamba muda wote huo alikuwa akipigana peke yake.

"Na Luse alipokulalamikia, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ulivyosema wewe. Ni jino la utoto, litang'oka."

Alimchoma mtoto sindano ya ganzi, akaling'oa mwenyewe. Wenzake wangeweza kumsaidia, lakini hakutaka mtu mwingine aone. Wakati ule maabara ziliweza kuotesha jino jipya kutoka kwenye chembe za mtu mwenyewe. Ila halipandikizwi mpaka taya likomae, kwenye miaka kumi na minane. Kabla ya hapo Lusekelo, ambaye sasa alikuwa ametimiza miaka saba, angekaa na pengo miaka kumi na mmoja, akitafuna upande mmoja, na meno ya jirani yakiegemea pengo kidogo kidogo. Subilaga alimweleza mume wake hayo yote, na sababu yake, wakiwa wamesimama kwenye korido. Gwakisa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie mtoto mwenyewe," alisema tu. "Mimi sitakusaidia kwa hilo." Akaenda kuleta gari.

Walifika nyumbani saa tisa. Uvimbe ulikuwa umeanza kushuka, na Lusekelo alikuwa amechangamka kupita kiasi. Gego lake lilikuwa kwenye kipande cha pamba, alikuwa ameliomba. Darasani kwao karibu wote walikuwa wamekwisha kung'oka. Yeye ndiye pekee aliyekuwa bado, na kwa muda mrefu lilimuuma hilo kuliko jino.

"Mama, njoo uone!"

Alirudi nyuma hatua tano uwanjani, akageukia nyumba, akakusanya nguvu zote na kulirusha juu ya paa, kama watoto walivyofanya tangu mapaa yakiwa ya nyasi. Gego liligonga vioo vya kunasa jua, likaruka, likanasa pembeni.

"Chukua hilo bovu," alipiga kelele kwa shavu lenye ganzi, "niletee jipya!"

Kisha akaja, akamshika mama yake mkono.

"Mama, litaota lini?"

Kwa mwaka na zaidi Subilaga alikuwa ametamani kuulizwa jambo moja tu na mtoto huyu kuhusu meno. Sasa ameulizwa. Alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa.

"Hilo halioti tena, mwanangu. Halikuwa la utoto. Lilikuwa la ukubwani."

"Lakini Shangazi alisema ni la utoto."

"Shangazi alisema ni bovu na lizibwe. Mimi ndiye niliyekataa. Nikamlazimisha aseme uongo wangu."

Lusekelo alisukuma ulimi kwenye pengo, akalipima.

"Kwa nini?"

Subilaga alitafuta maneno ya kitaalamu, na yalikuwepo mengi. Akayaacha.

"Nilimwonea wivu Shangazi. Ulikuwa unampenda."

Mtoto alimtazama mama yake, machozi yakimlengalenga, akijitahidi kuelewa.

"Lakini mama," alisema, "Shangazi hana hata meno."