Nahau Tatu Mlangoni kwa Bibi

— Shemeji, mlango huu haufunguki kwa sura nzuri! Nahau tatu za Kikantoni, maana na matumizi!

Huyo ni Ka-yan, mpambe wangu mkuu, kaubana mlango na wenzake watatu. Nje, kwenye korido ya ghorofa ya tisa, alisimama Yifeng wangu na maua yake. Kwetu Hong Kong bwana harusi lazima asumbuliwe mlangoni, lakini maswali ya leo aliyatunga Bibi mwenyewe. Ndiye aliyenilea, na hakuwahi kumtaka huyu mtu wa Harbin, kaskazini kabisa mwa China, wasikosema Kikantoni. Saa ya heri ilikuwa inaisha saa tano kamili. Ikipita, Bibi alishasema, sitoki ndani. Ilikuwa saa tano kasorobo.

— Kula limau!

— Ni kumtongoza mtu akakukataa. Kwa Wing-sam nilikula mawili!

Wapambe wakapiga kelele. Wing-sam ni mimi, nilicheka mpaka kope la bandia likabanduka.

— Haya, balbu!

Nje nikamsikia anarudia, "Balbu... balbu..." Nikachomoa simu chini ya gauni, nikamwandikia mbio: "Mtu anayewaganda wapenzi wawili."

— Ni... mtu anayewaganda wapenzi wawili!

— Mbona anasoma kama taarifa ya habari? Bibi akauliza. Akageuka, akaninyang'anya simu. Wewe mtoto huna hata aibu!

— Bibi, zimebaki dakika saba! nikamwambia.

— Basi la mwisho nauliza mimi. Akausogelea mlango. Wewe kijana! Kuku kuongea na bata. Maana yake, watu wasioelewana, najua umeshakariri. Itumie.

Namjua Bibi, akishasema hapana harudi nyuma.

— Mwaka jana, Bibi, mimi na wewe tulikuwa kuku anaongea na bata. Ulinifukuza hapa, mimi nikadhani unanikaribisha chai. Nikakaa saa tatu nzima.

Ka-yan akaziba mdomo. Bibi hakucheka.

— Na leo?

— Leo nifukuze tena, Bibi. Nitaelewa kila neno. Na siondoki.

Bibi aliinamisha kichwa, mkono uko kwenye komeo. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, machozi yanamtoka.

— Ka-yan, hebu toka hapo, akasema. Mjukuu wangu amesimama nje.