Kila Alfajiri Aliniambia Anakwenda Mazoezini

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, fundi cherehani, mzaliwa wa Biryogo hapa Kigali. Babu yangu alikuja na biashara ya nguo kutoka pwani, akaoa Mnyarwanda, akazikwa hapa hapa. Ndiyo maana Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwetu. Ninaandika haya mwishoni mwa mwaka 1994, mwaka ambao kila mtu katika mji huu ana msiba wa kusimulia, tena mkubwa kuliko wangu. Lakini wangu ulianza mapema, kiangazi cha mwaka 1992, na ulianza na kitu ambacho hata mtoto angekicheka... jozi ya raba nyeupe!

Mume wangu Yusufu alikuwa msimamizi wa ghala la sabuni na mafuta ya kupikia. Tulikuwa na binti mmoja, Saada. Baada yake tulikaa miaka mingi bila mtoto, tukaomba, tukakata tamaa, na kiangazi kile Mungu alikuwa amenijalia mimba. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliimba nikiwa kwenye cherehani.

Jioni moja Yusufu akarudi na raba zile kwapani. Akasema mwezi wa tisa kutakuwa na marathoni ya kuzunguka mji, naye atashiriki.

“Marathoni ya nani?” nikamwuliza.

“Ya kila mwenye miguu, Mama Saada.”

Nilicheka, nikafurahi. Alikuwa mtu wa kukaa kwenye kiti kutwa nzima, na mwili ulianza kumwelemea. Nikawa naamka kabla ya adhana kumpikia uji wa mtama. Anakunywa nusu bakuli, anafunga kamba za raba, anatoka. Siku za kazi alirudi kabla ya saa mbili. Jumapili alirudi mchana. Hayo aliyaita mazoezi marefu.

Wasomaji wenzangu, mjue zile zilikuwa siku gani. Vita ilikuwa imeanza huko mpakani mwezi wa kumi mwaka 1990, na tangu hapo hata namna ya mtu kumtazama jirani yake ilibadilika. Vizuizi barabarani. Kitambulisho chenye kabila lako mfukoni, hata ukienda kuteka maji. Kulikuwa na neno moja la Kinyarwanda, icyitso, yaani mtu anayemsaidia adui kwa siri. Ukishaitwa hivyo, hakuna aliyesubiri ushahidi!

Ndiyo maana Mama Zawadi, jirani yangu muuza mkaa, aliponitania kuhusu mume wangu, utani wenyewe haukukaa vizuri.

“Mama Saada, muzee yako anakimbia nini hivi kila siku? Iko nani namufukuza?”

Tulicheka sote wawili. Kisha akatazama kushoto na kulia, akaongeza kwa sauti ya chini, “Mwambie aache, sha. Watu wanaangalia.”

Neno hilo lilibaki na mimi. Na mtu akishaambiwa kwamba watu wanaangalia, naye anaanza kuangalia.

Nikaangalia raba. Nyie mnaoijua Kigali wakati wa kiangazi mnajua vumbi letu jekundu. Mimi nikienda sokoni tu narudi na miguu kama tofali! Lakini raba za Yusufu, baada ya wiki tatu za kukimbia milimani, zilikuwa nyeupe kama siku zilipotoka dukani.

Nikaangalia shati. Kavu. Nililiweka puani kama kichaa. Halikuwa na harufu ya jasho hata kidogo.

Nikamwangalia yeye mwenyewe. Mkanda wa suruali aliokuwa akiufunga tundu la tatu, sasa aliufunga la nne, kwa nje! Mtu anakimbia kila siku na kitambi kinaongezeka? Na uji wangu, mbona alianza kuuacha, kama mtu anayejua kuna chakula kingine kinamsubiri mbele?

Nilimwuliza anapita njia gani. Akasema anashuka bondeni, anapanda Gisozi, anazunguka, anarudi. Alinielezea miinuko na kona, mpaka mahali anapokutana na wanawake wenye mitungi. Nikamwamini kwa siku mbili. Siku ya tatu akaja mteja wangu anayekaa Gisozi kuchukua gauni la mwanawe. Katika mazungumzo akalalamika kwamba asubuhi ya Jumapili askari walikuwa wameifunga barabara yao, hakuna aliyeingia wala kutoka. Jumapili ile ile Yusufu alikuwa amenisimulia jinsi alivyoupanda mlima wa Gisozi bila kupumzika!

Sindano ilinichoma kidole...

Sasa nikawa na hofu mbili, na sikujua niiombee ipi iwe kweli. Je, ni mwanamke? Au ni siasa? Kama ni mwanamke, ndoa yangu imekufa. Kama ni siasa, sote tumekufa, na kumwuliza ni kujiongezea hatari, maana usichokijua huwezi kulazimishwa kukisema. Nilimtazama akilala, nikajiuliza, huyu ni nani? Mwalimu wa madrasa aliyepita kutusalimia nilimshuku. Mteja aliyechelewa kuondoka nilimshuku. Hata Saada akinong’ona na baba yake, roho iliniruka.

Mwishoni mwa mwezi wa nane, mchana kweupe, walikuja wanaume watatu. Mmoja alikuwa mkuu wa mtaa wetu. Wengine sikuwajua. Walimtaka Yusufu. Hakuwepo nyumbani, na walikuwa wameshapita kazini kwake wakamkosa. Wakasema basi nitakwenda mimi, nimsubiri huko akija kunitafuta. Nilimwachia Mama Zawadi mtoto na ufunguo, nikaondoka na shati la mteja likiwa bado kwenye cherehani.

Walinipeleka kwenye ofisi moja, chumba chenye benchi na dirisha dogo. Mwenye kuhoji alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha.

“Mume wako wanamwona asubuhi upande wa Kabeza, kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Kule iko askari. Anatafuta nini?”

Kabeza! Gisozi iko huku, Kabeza iko kule. Uso niliukaza.

“Anakimbia,” nikasema. “Anafanya mazoezi ya marathoni.”

Akatabasamu. “Mama, uliona wapi mutu anakimbia miezi mbili na iko nanenepa?”

Wenzake wakacheka. Ingekuwa mahali pengine ningecheka nao, kwa sababu swali hilo hilo nilikuwa nimejiuliza mbele ya kioo. Lakini nikisema sijui anakokwenda, nimemmaliza. Nikisema namshuku, nimemmaliza. Kwa hiyo kila waliponiuliza nilijibu neno moja. Anakimbia. Wakazima upole, wakapaza sauti, wakaninyima kulala. Anakimbia! Nilimtetea kwa uongo ambao mimi mwenyewe sikuuamini.

Mama Zawadi aliruhusiwa kuniletea chakula. Aliniambia amemwona Yusufu kwenye ghala na kumweleza kila kitu.

“Alisema nini?”

“Alisema anakuja. Aligeuka rangi, akasema ‘nakuja sasa hivi,’ akatoka kwa mlango wa nyuma.” Mama Zawadi hakunitazama machoni. “Mama Saada, ilikuwa jana.”

Nikamsubiri mume wangu. Kila hatua koridoni nilijua ni yake. Angekuja, angesema mwenyewe alikokuwa, hata kama ni aibu, nami ningetoka. Hakuja... Benchi lilikuwa gumu, tumbo likaanza kuniuma chini, kwanza kidogo, kisha kwa mawimbi. Niliomba msaada. Waliponifungulia mlango, gauni langu lilikuwa limelowa damu. Mtoto niliyemwomba kwa miaka yote ile alitoka mahali pale, na Mama Zawadi, aliporudi na chakula, ndiye aliyenisafisha kwa kanga yake mwenyewe.

Nilikuwa nimelala chini, ukutani, niliposikia sauti ya mwanamke nje akibishana na walinzi. Kisha mlango ukafunguliwa. Alikuwa mrefu, amefunga kitambaa kichwani, na mgongoni amebeba mtoto wa kike wa miaka kama miwili. Aliwageukia walinzi.

“Huyu mwanaume munamutafuta, asubuhi iko nakuja kwangu Kabeza. Mutoto huyu ni yake. Hakuna kitu ingine. Mwachilie dada yake.”

Baadaye nilijua jina lake, Esperansi. Na nilijua kwamba kitambulisho chake kilikuwa kile ambacho siku zile kilimfanya mtu atembee ameinamisha kichwa na kukwepa ofisi za serikali. Alikuja hivyo hivyo. Alikuwa ameona Yusufu amejificha kwake, haendi kazini, anachungulia pazia, akambana mpaka akasema kwamba wamemshika dada yake kwa sababu yake. Akamwambia basi nenda. Yusufu akakataa. Ndipo Esperansi akambeba mtoto akaja mwenyewe!

Akachuchumaa karibu yangu. “Pole sana. Weye ndiye dada yake?”

“Mimi ni mke wake,” nikasema.

Akafunika mdomo kwa mkono.

“Aliniambia mke wake alikufa,” akanong’ona. “Alikufa akizaa.”

Kumbe kwa mwanamke yule mimi nilikuwa marehemu! Yusufu alinizika nikiwa hai, akawa anakunywa uji wangu na kwenda kupokea pole Kabeza. Mtaniuliza, dini yetu si inamruhusu mwanamume kusema anataka mke wa pili? Inamruhusu. Lakini kusema kungemlazimu kutukabili wote wawili, na Yusufu hakuwa mtu wa kukabili kitu chochote.

Wakatuachilia. Hawakuomba radhi.

Nilikwenda kulala kwa mama yangu. Yusufu akaja na wazee, akalia, akapiga magoti. Nilimwuliza jambo moja tu: kwa nini hukuja? Akanijibu, “Ningesema nini mbele za watu? Niseme nilikuwa kwa mwanamke?” Nikamwambia, hapana, kwa kutokuja ulisema niendelee kukaa kule ndani.

Na mnajua alifanya nini? Mwezi wa tisa alikwenda kukimbia ile marathoni! Alitaka mtaa mzima uone kwamba mazoezi yalikuwa ya kweli. Mama Zawadi alisimama barabarani akanisimulia. Alitoka mbio kifua mbele, akiwapungia mkono waliomjua. Kwenye mlima wa kwanza akaanza kutembea. Katikati ya mlima akakaa kwenye ukingo wa mtaro, ameshika ubavu, na wanafunzi wa shule wakampita wakicheka. Mama Zawadi alisimulia huku akijifuta machozi ya kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimezika mtoto kwa ajili ya mbio zile.

Akanipa talaka nilipoidai. Esperansi naye akamfungia mlango. Siku moja akaja dukani kwangu na kitambaa, akasema anataka gauni la mtoto. Nilijua gauni halikumleta. Nikampima mtoto, nikamshonea. Hatukuwa marafiki siku ile, wala mwezi ule. Lakini aliendelea kuja, na mtoto wake Klarisi alizoea kulala chini ya meza yangu ya kukatia, kwenye vipande vya nguo.

Mwaka huu mwezi wa pili, Kabeza ilianza kuwa mbaya. Watu walirushiwa mabomu ya mkono mlangoni. Esperansi akamleta Klarisi na kifurushi kidogo.

“Kaa na yeye siku kidogo,” akaniambia. “Kukitulia nakuja kumuchukua.”

“Kaa na wewe,” nikamwambia.

Alisema mama yake ni mgonjwa, hawezi kutembea, naye hawezi kumwacha peke yake. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Sikumwona tena. Mwezi wa nne mauaji yalipoanza, kwetu Biryogo tulifunga milango, na kila aliyeniuliza Klarisi ni nani nilimwambia ni wangu, nimemzaa mimi. Safari hii sikusitasita kwa sababu nilijua ninachokitetea. Mji ulipotulia nilikwenda Kabeza kwa miguu. Nyumba ilikuwa haina mlango wala paa. Hakuna aliyeweza kuniambia Esperansi na mama yake wamezikwa wapi.

Mwezi uliopita Yusufu akatokea kutoka Zaire alikokimbilia, amekonda, amevaa koti la mtu mwingine. Alisema amekuja kumchukua mwanawe. Klarisi alijificha nyuma ya Saada, hakumtambua.

Nikamwuliza, “Na mama yake? Umemwulizia kwa mtu yeyote?”

Hata jina lake hakulitaja! Nilifunga mlango taratibu, bila kugombana, kwa sababu watoto walikuwa wanasikia.

Dada zangu mnaosoma haya, msifanye kama mimi. Nilishuku raba, nikashuku shati, nikashuku dunia nzima, lakini aliyepaswa kujibu sikumbana. Nilidhani kunyamaza ni kumlinda. Ulizeni mapema, wakati bado mna nguvu za kubeba jibu! Nanyi kaka zangu, mkidanganya nyumbani, msijidanganye kwamba uongo huo utabaki chumbani. Utatoka nje, utakutana na watu msiowajua, na deni lake atalipa asiye na kosa.

Sasa nina mabinti wawili, Saada na Klarisi. Mchana nawafundisha kushona. Na kila siku nawaambia, mtu akikwambia anakokwenda na moyo wako ukakataa, mwulize tena. Mwulize mbele ya mwanga, umtazame usoni.