Kufuli la Kibanda cha Chepkosgei

Chepkosgei anauza kabeji katika soko la mji mdogo wa Kwanza, karibu na Kitale. Mimi ninauza vitunguu hapo kando yake. Akifika asubuhi ananisalimia, anapanga kabeji, kisha anaanza kubishana na wateja. Anaipenda kazi hiyo sana, hata kuliko kula.

Mwaka jana aliwekewa mashine ya moyo. Ni kitu kidogo, kiko chini ya ngozi, juu ya titi la kushoto. Moyo ukichelewa kupiga, mashine inausaidia. Alipona, akarudi sokoni na nguvu zake zote.

Lakini baadaye moyo ulianza kumwenda mbio. Nyumbani alikuwa sawa. Kanisani alikuwa sawa. Akifika sokoni tu, anashika kifua na kukaa chini. Niliogopa sana.

Siku moja mwanawe, Bethwel, alikuja na kufuli jipya.

"Mama, hili soko litakuua," alisema. "Leo tunafunga kibanda kabisa."

"Nani amekwambia ni soko?"

"Si ukiwa nyumbani uko sawa?"

"Basi twende kliniki Kitale tuulize. Wakisema ni soko, nitafunga mwenyewe. Kwa sasa, toa mkono kwa mlango wangu."

Nikawasindikiza. Muuguzi aliyetupokea anaitwa Lorraine. Alimpima Chepkosgei, akaikagua mashine pia. Kila kitu kilikuwa sawa.

"Mama, ukiwa sokoni unaweka simu wapi?" Lorraine aliuliza.

Chepkosgei aliingiza mkono kwa sidiria, upande wa kushoto, akaitoa. "Hapa. Wezi wa Kwanza hawafiki huku."

Bethwel aligeuka akatazama ukuta. Mimi nilivuta leso nikajifunika kifua, maana simu yangu pia ilikuwa huko huko.

Simu ilikuwa na kava ya kufunika kama kitabu. Lorraine alisogeza pini karibu na kifuniko. Pini ikanasa.

"Hii kava ina sumaku," alisema. "Sumaku ikikaa juu ya mashine, mashine inaacha kufuata moyo wako. Inapiga kwa mwendo wake. Ndiyo maana unasikia mbio. Ukiiondoa, mashine inarudi kawaida."

"Nyumbani simu hukaa mezani," Chepkosgei alisema polepole. "Kanisani siendi nayo."

"Umeona? Simu nyingine zina sumaku ndani, hata bila kava. Spika pia zina sumaku. Kwa hivyo weka vitu hivyo mbali na mashine, shubiri moja hivi. Ongea na simu kwa sikio la kulia. Usilale na simu kifuani. Na ukisikia kizunguzungu, njoo hospitali mara moja, usingoje."

"Kwa hivyo si soko?"

"Si soko, mama."

Chepkosgei alimgeukia Bethwel. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Nilikuwa naogopa tu."

"Najua. Hata mimi niliogopa. Lakini mtu haachi shamba lake kabla hajajua ni nini kinakula mahindi."

Siku hizi simu yake haina kava hiyo. Anaiweka kwa kibeti, amekifunga kiunoni upande wa kulia. Moyo umetulia. Anabishana na wateja mpaka mimi ninachoka kusikiliza.

Lile kufuli la Bethwel bado liko. Chepkosgei hulifunga jioni akienda nyumbani. Asubuhi hulifungua, na ufunguo anao mwenyewe.