Ganzi Iliyokataa Kushika

Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto kule Nkowe. Kila asubuhi Bibi Mwanaima na mjukuu wake Yasmini waliokota korosho shambani na kuzinyofoa kwenye mabibo, matunda ya mkorosho. Nguo zao zilinuka mabibo kutwa nzima. Lakini wiki ile Yasmini aliokota kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika shavu.

"Utakufa njaa kwa jino hilo," Bibi alisema. "Kesho twende Ruangwa."

Hospitalini walimkuta Teddy, daktari wa meno. Alilitazama jino bovu la chini, akachoma sindano ya ganzi, akasubiri. Alipoligusa jino, Yasmini alipiga ukelele. Akachoma tena. Ukelele ukawa ule ule.

Nje, kwenye benchi alikosubiri Bibi, mama mmoja alisikia ukelele akacheka. "Ganzi ikikataa, ujue mtu kalewa uraka. Si ndio msimu wake huu!"

Uraka ni pombe ya mabibo. Bibi Mwanaima aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Aliingia ndani bila kupiga hodi.

"Yasmini, umekunywa uraka?"

"Bibi! Wallahi sijawahi hata kuuonja."

"Mbona unanuka mabibo?"

"Kwani wewe hunuki, Bibi?"

Bibi alinusa nguo yake mwenyewe. Maneno hayo aliwahi kuyasikia. Miaka ishirini nyuma mumewe, Shehe, alilia hivyo hivyo kwenye kiti cha meno. Watu wakasema ni uraka. Shehe aliapa. Lakini shati lake lilinuka mabibo, naye Mwanaima hakumwamini. Alimtolea mkeka wake barazani, Shehe akalala huko msimu mzima.

Shehe hakugombana naye. Kila asubuhi aliendelea kumpashia mkewe maji ya kuoga na kumwekea mlangoni. Ila kwa daktari wa meno hakurudi tena. Alitafunia upande mmoja mpaka alipofariki.

"Kaa hapa, Bibi," Teddy alisema kwa upole. "Tumpige picha ya taya."

Picha ilipotokea kwenye kompyuta, Teddy aliwaonyesha kwa kidole. "Kwenye mfupa wa taya la chini kuna kitundu, kulia na kushoto. Mshipa wa fahamu hupita humo kwenda kwenye kidevu na mdomo. Watu wengi wana kitundu kimoja kila upande. Yasmini, upande huu, anavyo viwili."

"Ni ugonjwa?"

"Hapana. Ndivyo alivyoumbwa. Hata masikio yetu hayafanani. Ila huenda tawi la mshipa limepita njia nyingine, na ganzi haikulifikia. Nitachoma sehemu nyingine."

"Na uraka je?"

"Bibi, ganzi hukataa kwa sababu nyingi. Hata usaha kwenye jino unaweza kuizuia. Ikikataa, mgonjwa aseme, nasi tutafute sababu. Tusimwite mlevi."

Alichoma sindano nyingine. Safari hii jino lilitoka, na Yasmini hakulia. Teddy aliandika habari za kitundu kile kwenye daftari la hospitali la Yasmini. "Daktari yeyote akitaka kukuchoma ganzi, muonyeshe hapa kwanza."

Bibi hakuinuka. "Daktari, babu yake naye alikuwa na vitundu viwili?"

"Siwezi kujua, Bibi. Hatuna picha yake."

"Lakini alisema kweli?"

Teddy alimshika mkono. "Aliposema anaumia, alikuwa anaumia."

Walipotoka, yule mama wa benchi aliuliza, "Haya, mlevi wetu amepona?"

Bibi alikaa karibu naye. "Mwanangu, mimi nilimwita mume wangu hivyo. Amekufa sijamwomba radhi."

Yule mama akaacha kucheka. Akainamisha kichwa. "Mimi mwenyewe naiogopa sindano," alisema.

"Basi isiposhika, sema. Usione haya. Huyu daktari anasikiliza."

Kuanzia kesho yake, kila asubuhi Bibi Mwanaima alipasha maji, akatia chumvi kidogo, akamwekea Yasmini asukutue. Aliyaweka mlangoni, pale pale Shehe alipokuwa akimwekea yeye.

Kidonda kilipopona, Yasmini alitafuna muhogo wa kuchoma kwa pande zote mbili.

"Mbona huli, Bibi?"

"Nakula, mjukuu wangu," alisema Bibi. Lakini macho yake yalikuwa barazani.